Wapimwe Wazima Kwanza

Jumatatu, 3 Novemba 1997

Daraja limeondoka. Aliyesema ni Thoya, dereva wa trekta ya chama cha wakulima, saa moja asubuhi, akiwa amesimama mlangoni kwangu na matope mpaka magotini. "Si kuvunjika, Bwana Jefwa. Limeondoka. Zimebaki nguzo mbili, nyingine zimekwenda kutazama bahari."

Nilikwenda kuhakikisha. Nguzo zilizobaki ni tatu.

Upande wetu wa mto, hapa Vidziani, kuna kaya mia moja na kumi hivi, mahindi, mikorosho, na zahanati ya vyumba viwili. Upande wa pili kuna barabara kuu, simu, soko la Ukunda na hospitali ya Msambweni. Muuguzi wetu, Bi Beryl, alikwenda Mombasa Ijumaa kuleta dawa. Yuko huko na dawa zake. Ufunguo wa zahanati amemwachia mhudumu wa kujitolea, Kanze Tembo, pamoja na kopo la klorokwini na kipimajoto kimoja.

Mhariri wangu Mombasa anataka habari za kampeni za uchaguzi. Atazipata maji yakipungua.

Jumanne, 4 Novemba

Mvua.

Alhamisi, 6 Novemba

Nilikwenda zahanati kuhesabu wagonjwa. Nilikuta foleni ya watoto kumi na wanne, na katika hao hapakuwa na mgonjwa hata mmoja. Walikuwa wanasukumana, wanalia kwa kukanyagana, wanakula matunda ya mabungo. Kanze alikuwa ameketi kwenye kigoda, saa ya mkononi mbele yake juu ya boksi, akimtoa mmoja kipimajoto kwapani na kuandika.

Ni mwanamke wa miaka arobaini, mwembamba, si msemaji. Kwa miaka kumi na moja alifanya kazi katika hoteli moja ya Diani, kwenye vyumba vya baridi vya kuhifadhia chakula. Kazi yake ilikuwa kusoma joto la vyumba sita asubuhi na jioni na kuliandika kwenye karatasi iliyotundikwa mlangoni. Agosti wageni waliondoka kwa sababu ya fujo za kisiasa. Septemba wafanyakazi wakafuata.

Mwenyekiti wa chama, Mzee Garama, alifika akiwa na mwavuli.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Mwanangu Kanze, nimeambiwa wapima watu wazima wa afya. Ni kweli?"

"Ni kweli."

"Na wagonjwa je?"

"Wakija nitawapima. Lakini mgeni utamjuaje, mzee, kama wenyeji huwajui?"

Garama alinigeukia mimi. "Andika hilo, Jefwa. Kazi ya friji imekwisha, sasa ni zamu ya watoto wetu." Watu walicheka. Kanze alikung'uta kipimajoto kwa kifundo cha mkono, mara nne, zebaki ikashuka chini ya thelathini na tano, akamwita mtoto wa kumi na tano.

Nimeandika maneno mia nne. Ni kichekesho kizuri.

Jumamosi, 8 Novemba

Leo jua lilitoka saa mbili. Kanyiva alikuja na bintiye mdogo Everlyn, wa miaka mitatu, akiwa amembeba mgongoni: sweta, leso mbili, mwendo wa kilomita tatu. Kanyiva ni Mkamba wa Kitui. Yeye na mumewe Munyoki walipata shamba hapa miaka sita iliyopita. Munyoki ni mlinzi wa hoteli Diani, na tangu daraja liondoke yuko ng'ambo. Kanyiva anapikia vibarua wa barabara.

"Mpime, dada. Anachemka."

"Mshushe kwanza. Mvue sweta. Mlaze mkekani nusu saa."

"Nusu saa! Nina sufuria motoni kambini."

Kanze alimpima hapo hapo, nadhani ili kumaliza ubishi. Dakika tano kwapani: 37.7. Kanyiva akajipiga kofi pajani: "Unaona?" Kanze aliandika, akamlaza mtoto mkekani, akaendelea na wengine. Nusu saa baadaye alimpima tena, kwapa likiwa limefutwa jasho: 36.8.

"Mlango ulikuwa wazi," alisema. "Mpishi akifungua chumba cha baridi na kukaa humo anachagua nyama, kipimo kinapanda. Si kwamba mashine imeharibika. Wafunga mlango, wangoja, ndipo wasoma."

"Mwanangu si friji, dada."

"Si friji. Friji hailii."

Kanyiva alicheka bila kutaka.

Jumanne, 11 Novemba

Mvua. Thoya alivuka kwa trekta penye maji mafupi, akarudi na chumvi na mafuta ya taa. Nilimpa makala yangu apeleke kwenye faksi.

Ijumaa, 14 Novemba

Kanze amekusanya mabango ya kampeni yaliyopeperushwa na upepo. Anayapigia mistari upande mweupe na kuyatundika katika nyumba kumi, nyuso za wagombea zikiangalia ukuta. Kila mtoto ana mstari wake. Kanze anapita mwenyewe na kipimajoto, alfajiri na alasiri, siku saba.

Nilimfuata leo. Kwa Kanyiva mstari wa Everlyn unasomeka hivi: asubuhi 36.3, 36.4, 36.2, alasiri 36.9, 37.0, 36.9. Dada yake Dianah, wa miaka saba, yuko juu kidogo siku zote: 36.6 asubuhi, 37.1 alasiri. Wote wawili wazima kabisa.

"Kwa nini jioni wanapanda?" nilimuuliza.

"Sijui kwa nini. Najua kwamba wanapanda."

Nimewahi kuwahoji mawaziri wasioweza kusema sentensi hiyo ya kwanza.

Nilijipima na mimi. Asubuhi 36.6. Alasiri 37.1. Baada ya kupanda kutoka mtoni, 37.4, kisha nilipokaa ikashuka. Miaka yote hamsini na mbili nilidhani binadamu ana namba moja. Kumbe ana uwanja, na kila mtu na kona yake humo.

Jumatano, 19 Novemba

Mbu. Malaria imeanza. Watoto saba waliletwa leo na mama zao, wote wakidaiwa kuwa na homa. Baada ya nusu saa ya mkeka, watano walizidi 37.5: aliyepita wote alikuwa na 39.1. Wawili hawakuwa na homa. Mmoja alikuwa ametoka kukimbia, mwingine alikuwa amenyweshwa uji wa moto na kufungwa leso tatu. Watano walipewa klorokwini. Wawili walirudishwa nyumbani, na mama zao wakaambiwa wawaangalie na kurudi kesho wakibadilika.

Mama mmoja kati ya hao wawili aliondoka akinung'unika kwamba amenyimwa dawa. Kanze alinionyesha kopo: vidonge tisini na sita. "Nikimpa asiye na homa leo, nitamnyima nani Jumapili?"

Jumamosi, 22 Novemba

Thoya amerudi na gazeti la Jumatatu. Makala yangu imo ukurasa wa sita. Kichwa si changu: "Apima Watu Kama Samaki." Mistari iliyobaki ni yangu.

Mzee Garama aliisoma kwa sauti pale dukani, mara mbili kwa matakwa ya watu. Nilitaka kumfikia Kanze kabla ya gazeti, nikachelewa. Alikuwa amekwisha kulisoma. Alilikunja gazeti mara nne na kunirudishia.

"Umeandika samaki nyuzi nne," alisema. "Samaki ni mbili. Nne ni nyama."

Nilifungua daftari langu. Pale nilipoandika wakati wa mahojiano imeandikwa: samaki 2, nyama 4. Kosa ni langu. Nimekuwa katika kazi hii miaka ishirini na minne, na sahihisho lile liliniuma kuliko matusi yote niliyowahi kupata.

Jumatatu, 24 Novemba

Mvua usiku kucha na mchana kutwa. Homa mpya tisa.

Alhamisi, 27 Novemba

Kipimajoto kimevunjika.

Kanze alikwenda nyumbani kwa Mzee Garama kumpima mjukuu. Alipomaliza aliitwa nje kidogo. Mke wa Garama, mwanamke safi asiyekubali kikombe cha mgeni kirudi na alama ya midomo, alikitazama kile kioo kilichopita makwapani mwa kijiji kizima, akaona aibu kukirudisha vile. Akakiosha. Kwa sabuni, na kwa maji ya chai yaliyokuwa yakichemka. Kioo kilisema *ta*, na zebaki ikatawanyika sakafuni kama shanga.

Nilifika watoto wakiwa wamekwisha kuanza kuzisukuma kwa vidole. Kanze aliwatoa wote nje, akafungua madirisha, akakataa ufagio. Alizikusanya kwa vipande viwili vya karatasi ngumu, moja moja, akazitia katika chupa na kuifunga. Ilimchukua dakika arobaini.

Mwishowe Garama alisema, kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia kwake: "Mwanangu, nimewatia watu gizani."

"Hata hotelini zilivunjika, mzee."

"Mkafanya nini?"

"Kazi."

Thoya amepewa ujumbe kwa Bi Beryl: alete vipimajoto. Lakini mto umepanda na hajavuka.

Jumamosi, 29 Novemba

Kanze aliwaita kina mama zahanati. Walikuja thelathini na mmoja. Kanyiva hakuja, alikuwa na vibarua wa kuwapikia.

Nilinukuu alichosema:

"Mkono si mbaya. Lakini mkono una habari zake kabla haujagusa mtoto. Umetoka kufua, kila kitu kitakuwa cha moto. Umetoka jikoni, kila kitu kitakuwa baridi. Kwa hiyo nawa, jifute, kaa kitako. Kisha usianze na mgonjwa. Anza na mzima: ndugu yake, wa nyumba ile ile, aliyelala mahali pale pale. Gusa kifua, gusa mgongo, si paji la uso tu. Halafu mgonjwa. Halafu rudi kwa mzima. Mkono hautakuambia ni nyuzi ngapi. Utakuambia kama wawili hawa ni sawa au si sawa."

"Ulijifunza wapi?" aliuliza mmoja.

"Hotelini. Chumba namba tatu kipimo chake kiliharibika wiki mbili. Nilikuwa nachukua chupa ya maji kutoka chumba namba mbili, ninachokijua, na chupa ya namba tatu. Moja mkono huu, moja mkono huu."

Aliongeza mambo ambayo hata kipimajoto hakiyaoni, na wakayarudia mpaka wakayashika: mtoto asiyekunywa, anayetapika kila kitu, asiyeamka vizuri ukimwita, anayepumua kwa shida, aliyepata degedege. "Huyo si wangu wala si wako. Huyo ni wa hospitali."

Jumanne, 2 Desemba

Klorokwini: vidonge thelathini na nane.

Ijumaa, 5 Desemba

Mhariri ameleta barua kwa mkono wa Thoya: wasomaji wamependa makala ya samaki, niandike nyingine ya kuchekesha. Ya kuchekesha sina. Bi Beryl, asema Thoya, bado anangoja vipimajoto Mombasa.

Jumatano, 10 Desemba. Msambweni

Ya jana. Nayaandika kwa mfuatano wa saa, kutoka daftari la kazini.

Saa nne na robo asubuhi nilikuwa kambi ya vibarua, kwenye jiko la Kanyiva, nikingoja muthokoi wake wa mahindi ya kukoboa na maharagwe. Mvua ilikuwa inanyesha. Kanyiva alikuwa na sufuria mbili kubwa motoni tangu saa kumi na moja alfajiri. Dianah alikuwa anachambua maharagwe. Everlyn alikuwa amelala juu ya magunia karibu na mafiga.

Everlyn alisema baridi. Kisha meno yakaanza kugongana. Kanyiva aliweka kifuniko cha sufuria chini, akampapasa paji la uso. "Hana joto. Amepoa kama mtungi. Ni mvua hii." Akamfunika blanketi, leso mbili na koti la baba yake, akamsogeza karibu zaidi na moto. Wanawake wawili waliokuwa wanamsaidia walisema ndivyo.

Nilimgusa na mimi. Aliniunguza. Nilisema hivyo.

"Mwandishi, wewe umetoka mvuani," alisema Kanyiva. "Kwa mikono hiyo hata jiwe litakuunguza."

Alikuwa na hoja. Mimi mkono wangu ulikuwa wa baridi na wake ulikuwa wa moto. Mashahidi wawili, taarifa mbili, na wote wawili hawafai. Katika kazi yangu hapo hautafutwi ukweli wa katikati, hutafutwa shahidi wa tatu. Nilikwenda kumwita Kanze. Ni kilomita moja. Nilikimbia sehemu yake.

Saa tano kasoro dakika tano Kanze aliingia. Hakumgusa mtoto. Alimwondoa motoni, akamvua koti na blanketi, akamlaza mkekani kwenye upenu karibu na mlango, na Dianah akamlaza ubavuni mwake. Akanawa. Akamnawisha Kanyiva kwa maji ya mtungi, mpaka viwiko.

"Sasa tungoje."

"Dada, mtoto anatetemeka!"

"Namwona. Mlango ulikuwa wazi, Kanyiva. Nusu saa hatuna, nipe dakika kumi."

Alizitumia kuuliza. Amekunywa nini leo? Hakunywa; uji aliukataa, kidogo alichomeza alikitapika. Jana jioni? Alilala mapema, hakucheza. Kanyiva alikuwa anajibu na kulia pamoja, lakini majibu yalikuwa kamili. Saa tano na dakika saba Kanze aliuchukua mkono wa Kanyiva, akauweka kifuani pa Dianah.

"Huyu ndiye mwenyeji. Mjue." Akahesabu mpaka thelathini. "Sasa mdogo wake."

Kanyiva alimgusa Everlyn, akauondoa mkono kama aliyeshika kifuniko cha moto.

"Lakini alisema baridi," alisema. "Alisema mwenyewe."

"Homa ikiwa inapanda mtoto huona baridi. Mwili umejiwashia moto na bado unatafuta blanketi. Sisi tukaongeza kuni."

Alimpa klorokwini iliyosagwa katika maji ya sukari. Ilitoka. Alingoja, akampa tena. Ilitoka. Saa sita kasoro robo alimwita mtoto kwa jina, mara tatu. Everlyn alifungua jicho moja, hakumtazama yeyote, akalifumba. Kanze aliinuka.

"Hapa si pangu tena. Msambweni."

Kwenye kivuko kuna nguzo yenye alama nyeupe. Kanuni ya chama: maji yakipita alama, trekta haivuki. Maji yalikuwa yamepita alama kwa kiganja kimoja. Thoya alikuwa ameketi juu ya trekta chini ya gunia, injini imezimwa. Mzee Garama alikuwa pale na mwavuli wake, maana trekta ni ya chama na kanuni aliiandika yeye.

"Kanze, una hakika gani?" alisema. Hakuwa anafanya mzaha. "Kipimo hakipo. Mimi najua kwa nini hakipo. Lakini nikiruhusu hawa waingie mtoni, na mtoto ana baridi tu, nitasema nini kwa mke wa Thoya?"

"Nawa mikono, mzee."

"Nini?"

"Nawa. Kaa. Tunawe sote."

Ilikuwa mvua, watu kama ishirini wamesimama matopeni, mto unavuma. Mwenyekiti alifunga mwavuli. Alinawa kwa maji ya mtungi aliokuja nao Kanze, akajifuta kwa leso ya Kanyiva, akaketi kwenye tela chini ya turubai, mikono ndani ya makwapa yake mwenyewe kama alivyoambiwa, dakika nne kwa saa ya Kanze. Hakuna aliyecheka. Kisha Dianah akapanda telani, akafungua vifungo vyake. Garama aliweka kiganja kifuani pake. Akakiweka kifuani pa Everlyn. Hakukiondoa haraka. Akarudi kwa Dianah. Akarudi kwa Everlyn.

"Thoya."

"Naam, mzee."

"Washa."

Thoya alitupa gunia. "Mzee akishanawa mikono, nani atabisha."

Tulivuka saa sita na dakika ishirini na mbili: Thoya, Kanyiva, mtoto, Kanze, mimi. Maji yaliingia telani mara moja, mpaka kwenye kifundo cha mguu. Katikati tela lilisukumwa pembeni, kwa kadirio langu hatua moja na nusu, likashika tena. Kanze alikuwa amemshika mtoto kichwa na kuhesabu pumzi zake kwa sauti ya chini. Kanyiva alikuwa na bango la kampeni lenye vipimo vya watoto wake, limekunjwa ndani ya mfuko wa plastiki, kifuani.

Hospitali, saa saba na nusu. Kipimajoto: 40.1. Damu ikachukuliwa: malaria. Dripu ya kwinini ikawekwa saa nane na dakika kumi. Saa tisa na dakika tano, kitandani, Everlyn alipata degedege. Muuguzi alikuwa hatua mbili kutoka kwake na dawa ikiwa tayari. Ilidumu dakika tatu.

Nilimuuliza daktari ingekuwaje kama tungekuja leo badala ya jana. Alisema hawezi kukisia. Nilimuuliza tena. Alisema tena. Niliheshimu jibu.

Kisha alimuuliza Kanyiva homa ilianza lini. Wengi, aliniambia baadaye, hujibu "siku nyingi" au "leo". Kanyiva alilifungua bango, akaweka kidole. Alisema mtoto huyu asubuhi huwa thelathini na sita na nukta tatu, alasiri hafiki thelathini na saba na nukta moja, jioni iliyotangulia hakucheza, asubuhi alikataa uji saa kumi na mbili, akaanza kutetemeka saa nne na robo. Daktari aliligeuza bango, akaona uso wa mgombea, akaligeuza tena.

"Nani aliandika hii?"

Kanze alikuwa nje, anakamua maji kwenye leso yake.

Alhamisi, 11 Desemba

Asubuhi 38.2. Amekunywa maji.

Ijumaa, 12 Desemba

Asubuhi 37.0. Munyoki amefika kutoka Diani bado amevaa sare ya ulinzi. Alikaa kando ya kitanda kwa saa mbili. Kisha alimuuliza Kanze: "Thelathini na saba hii ni sawa?"

"Kwa mtoto mwingine ni sawa. Kwa huyu, asubuhi, bado iko juu."

Jumamosi, 13 Desemba

Asubuhi 36.4. Kanze aliisoma, akaiandika kwenye bango, akasema: "Amerudi kwao."

Jumatano, 17 Desemba

Nimerudi Vidziani. Katika siku nane ambazo Kanze hakuwepo, kina mama wa mkutano ule walipeleka watoto wanne kwa mke wa Garama, ambaye alikuwa amepewa ufunguo. Wote wanne walikuwa wamelinganishwa na ndugu zao kwanza. Nimewauliza mmoja mmoja, hakuna aliyeruka hatua. Mke wa Garama huwanawisha yeye mwenyewe mlangoni, na hakubali mkono anaodhani haujakauka.

Klorokwini: vidonge kumi na viwili.

Jumatatu, 22 Desemba

Maji yako chini ya alama. Bi Beryl amevuka, na klorokwini makopo manne na vipimajoto sita. Kimoja Mzee Garama alikuwa ameagiza kwa jina lake. Alimkabidhi Kanze kimefungwa katika leso mpya. "Hiki hakitaoshwa," alisema, "ila kwa maji ya mtungini, na nitasimama hapo hapo."

Jumatatu, 29 Desemba

Uchaguzi. Nilituma matokeo ya kituo chetu saa ile ile niliyoahidi. Mabango hayana kazi tena upande wa mbele.

Ijumaa, 2 Januari 1998

Nimemaliza makala ya pili. Maneno elfu moja na mia mbili. Nimeanza na sahihisho: samaki ni nyuzi mbili. Nimemwandikia mhariri kwamba kichwa nitaleta mwenyewe, na kwamba asipokikubali, anirudishie karatasi zangu. Nilimsomea Kanze yote. Alisikiliza akiwa anakung'uta kipimajoto.

"Hapo penye mto," alisema. "Umeandika maji yalipita alama kiganja kimoja. Kiganja cha nani?"

Nilikwenda na Thoya kwenye nguzo, tukapima kutoka alama hadi pale alipokumbuka maji yalifika. Sentimeta tisa. Nimebadilisha.

Jumatano, 7 Januari

Everlyn amekuja zahanati kwa miguu yake, amekonda, akigombana na Dianah juu ya embe. Kanyiva alimlaza mkekani bila kuambiwa. Alinawa, akaketi, akatazama saa.

"Una sufuria motoni leo?" Kanze alimuuliza.

"Ninayo."

"Na nusu saa je?"

"Sufuria itangoja. Mlango ufungwe kwanza."

36.9, saa tisa alasiri.

Bi Beryl amekubali utaratibu wa Kanze uwe wa zahanati. Tangazo limebandikwa mlangoni, nyuma ya uso wa mgombea aliyeshindwa: watoto wote wa chini ya miaka mitano, nyumba zote mia moja na kumi, wapimwe wangali wazima, kabla ya mvua za masika. Wanaanza Jumatatu, 12 Januari, saa mbili asubuhi. Namba moja kwenye orodha ni mjukuu wa Mzee Garama.